Mkia Usio na Moshi: Namna ya Kupima Plazma Itokayo kwenye Mitambo ya Umeme ya Vyombo vya Angani

Utangulizi

Muhula mmoja niliandaa kifungu cha ufahamu kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Kilihusu chombo cha angani kilichosafiri hadi mwezini kwa nguvu ya umeme. Katika aya ya tatu niliandika kwamba nyuma ya chombo hicho "hutoka moshi wa rangi ya buluu". Nilijiona nimeandika Kiswahili kizuri. Tulipofika kwenye maswali, mwanafunzi mmoja anayesoma Kiswahili pamoja na fizikia aliinua mkono akauliza: "Samahani mwalimu, ni moshi wa nini? Kitu gani kinaungua pale?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutalirudia swali lake wiki ijayo, nikaenda kusoma. Niligundua kwamba hakuna kitu kinachoungua, na kwamba kosa langu halikuwa dogo. Moshi hupanda, hutawanyika, ukapotea. Kinachotoka nyuma ya chombo kile ni chembe zenye chaji ya umeme, ziendazo kwa kasi ya kilometa nyingi kwa kila sekunde, na baadhi yake huweza kurudi na kukidhuru chombo chenyewe. Mtu aliyeambiwa kuwa ni moshi hawezi kuelewa kwa nini wataalamu wametumia miaka mingi wakiupima.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili cha kawaida jinsi plazma hiyo inavyopimwa na kwa nini upimaji wake ni mgumu. Pili, kuonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kuelezwa darasani kwa lugha yetu, almuradi mwalimu achague maneno kwa uangalifu. Wengi wa wanafunzi wetu walikutana na Kiswahili shuleni au sokoni, si nyumbani. Tukiwapa neno lisilo sahihi, hawana bibi wa kuwasahihisha.

Mtambo wa umeme unafanya nini?

Roketi ya kawaida huchoma mafuta. Gesi moto hutoka nyuma kwa nguvu, nayo roketi husukumwa mbele. Mtambo wa umeme hauchomi chochote. Huchukua gesi, huigeuza kuwa plazma, kisha huzirusha chembe zake nje kwa nguvu ya umeme unaotoka kwenye paneli za sola.

Plazma ni nini? Tunawafundisha watoto kwamba maada ina hali tatu: mango, kiowevu na gesi. Plazma ni hali ya nne. Ni gesi ambayo atomu zake nyingi au baadhi yake zimepokonywa elektroni. Atomu iliyopoteza elektroni huitwa ioni, nayo huwa na chaji chanya. Elektroni iliyotoka huwa na chaji hasi. Radi hutengeneza plazma, na jua lenyewe ni plazma. Jina hili lilitolewa mwaka 1928 na mwanasayansi wa Marekani, Irving Langmuir, aliyelichukua neno la Kigiriki ambalo tayari lilikuwa likitumiwa na matabibu kwa maji ya damu. Yeye naye, kama sisi, alikuwa na kitu kipya mkononi na akalazimika kukitafutia jina. Kwa Kiswahili wapo wanaosema "utegili" na wapo wanaosema "plazma". Katika makala haya natumia "plazma", kwa kuwa ndilo neno ambalo mwanafunzi wa fizikia atakutana nalo mara nyingi zaidi.

Iko mitambo ya aina nyingi. Nitaeleza mmoja tu, uitwao mtambo wa Hall, kwa jina la Edwin Hall aliyegundua mwaka 1879 tabia ya umeme ndani ya uga wa sumaku. Mtambo huu una mfereji wa mviringo, kama pete, uliozungukwa na kuta za kauri. Chini ya mfereji kuna ncha chanya, yaani anodi. Nje kuna ncha hasi, kathodi, inayotoa elektroni. Gesi ya zenoni huingizwa mferejini. Elektroni kutoka kathodi zinataka kukimbilia anodi, lakini uga wa sumaku huzinasa, zikawa zinazungukazunguka ndani ya pete. Zikizunguka hivyo hugonga atomu za zenoni na kuzipokonya elektroni. Ioni zinazozaliwa ni nzito, takriban mara 240,000 ya uzito wa elektroni, kwa hiyo sumaku haiziwezi. Nguvu ya umeme huzirusha nje moja kwa moja. Elektroni nyingine kutoka kathodi huzifuata ili chombo kisibaki na chaji.

Kasi ya ioni hizo ni kubwa. Ioni ya zenoni iliyopoteza elektroni moja na kusukumwa kwa volti 300 hupata kasi ya takriban kilometa 21 kwa sekunde. Lakini gesi inayotumika ni kidogo mno, na kwa hiyo msukumo nao ni mdogo mno.

Mfano halisi: SMART-1

Chombo cha SMART-1 cha Shirika la Anga la Ulaya kilirushwa tarehe 27 Septemba 2003 kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Kilikuwa na uzito wa kilo 367 hivi, na kilibeba kilo 82 za zenoni. Mtambo wake wa Hall, uliotengenezwa Ufaransa, ulitoa msukumo wa takriban milinewtoni 68. Huo ni sawa na uzito wa gramu saba zilizolala kwenye kiganja cha mkono, yaani uzito wa kadi ya posta.

Je, kadi ya posta inaweza kusukuma kilo 367 hadi mwezini? Tupige hesabu. Msukumo huo, ukifanya kazi kwa saa 24 bila kukoma, hubadilisha kasi ya chombo kwa meta 16 kwa sekunde, sawa na kilometa 58 kwa saa. Si haba. Kesho yake huongeza nyingine kama hizo, na keshokutwa vivyo hivyo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Wanaanga wa Apollo walifika mwezini kwa takriban siku tatu. SMART-1 kilizunguka dunia kwa mizunguko inayopanuka, kikaingia katika mzingo wa mwezi mwezi Novemba 2004, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Mtambo wake ulifanya kazi kwa karibu saa 5,000. Tarehe 3 Septemba 2006 chombo kilielekezwa kwa makusudi kikaanguka juu ya uso wa mwezi.

Mitambo ya aina hii ina historia ndefu. Wasovieti waliirusha kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1971 katika setilaiti ya Meteor. Leo setilaiti za Starlink huitumia kwa wingi: za mwaka 2019 zilianza na gesi ya kriptoni, na tangu 2023 zimo zinazotumia argoni. Chombo cha Marekani kiitwacho Psyche, kilichorushwa tarehe 13 Oktoba 2023, ndicho cha kwanza kutumia mtambo wa Hall kupita mzingo wa mwezi.

Kwa nini mkia upimwe?

Plazma inayotoka mtamboni haiendi yote katika mstari mmoja. Hupanuka kadiri inavyosonga mbali. Umbo hilo ndilo ninaloliita hapa "mkia wa plazma". Wahandisi wanataka kujua mambo makuu matatu kuhusu mkia huo.

(a) Msukumo unaopotea. Ioni inayotoka moja kwa moja nyuma husukuma chombo kwa nguvu yake yote. Ioni inayotoka kwa pembe ya nyuzi 60 husukuma kwa nusu tu ya nguvu yake. Iliyobaki huenda pembeni na haina faida. Kwa hiyo mkia mpana ni hasara.

(b) Madhara kwa chombo. Ioni zenye kasi zikigonga paneli za sola huzikwangua polepole. Aidha, huchubua kuta za kauri za mtambo, na vumbi la kauri huweza kutua juu ya paneli au vioo vya kamera. Setilaiti ya mawasiliano hutakiwa kuishi angani miaka 15 au zaidi, na hakuna fundi wa kuipandia akaifute.

(c) Namna ya kuuelekeza mtambo. Ikiwa paneli ya sola iko karibu, mhandisi huugeuza mtambo pembeni ili mkia usiiguse. Lakini mtambo ulioelekezwa kwa pembe ya nyuzi 45 hutoa katika njia inayotakiwa asilimia 71 tu ya msukumo wake. Kama mkia ni mwembamba kuliko alivyodhani, amepoteza gesi bure kwa miaka yote ya setilaiti. Kama ni mpana kuliko alivyodhani, atapoteza paneli.

Ndiyo maana kipimo cha nyuzi chache huwa na thamani ya fedha nyingi. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kabla ya kuundwa, vilipimwa.

Vipimio vinavyotumika

Hapa duniani mtambo hujaribiwa ndani ya tangi kubwa la chuma lililotolewa hewa. Ndani ya tangi hupangwa vipimio vya namna mbalimbali. Vinne ndivyo vya msingi.

1. Kipimio cha Faraday. Hiki ni kisahani kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye mkono unaozunguka mbele ya mtambo, kwa mfano kwa umbali wa meta moja, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kisahani hupewa volti hasi, kama 20 au 30, ili kizifukuze elektroni na kupokea ioni tu. Kila ioni inayotua huleta chaji yake, na mkondo wa umeme unaopatikana huonyesha ni ioni ngapi zinafika katika pembe hiyo. Mkono ukishamaliza safari yake, mpimaji huwa amepata mchoro wa mkia mzima: wapi ni mzito, wapi ni mwepesi.

2. Kichujio cha nishati. Kisahani cha Faraday kinahesabu ioni lakini hakiulizi kila moja ina nguvu kiasi gani. Kichujio cha nishati kina nyavu kadhaa za waya zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Wavu mmoja hupewa volti chanya inayopandishwa kidogo kidogo. Ioni ni chanya, na chanya hufukuza chanya. Kwa hiyo kila volti zinapopanda, ni ioni zenye nguvu zaidi tu zinazopenya. Ni kama mlango wa mteremko ambao kila mara hupandishwa juu kidogo: wachovu hubaki nje kwanza. Kwa kutazama ni wangapi wanapungua katika kila hatua, mpimaji hujua nishati ya ioni zote.

3. Kipimio cha Langmuir. Hiki ni waya mwembamba tu unaoingizwa ndani ya plazma, volti zake zikabadilishwa kutoka hasi hadi chanya. Zikiwa hasi, waya hupokea ioni. Zikipanda, elektroni huanza kuingia. Jinsi mkondo unavyopanda kwa haraka au kwa polepole huonyesha halijoto ya elektroni, na ukubwa wa mkondo huonyesha wingi wa chembe. Aliyebuni nadharia ya kipimio hiki ni yule yule Langmuir aliyeipa plazma jina lake.

4. Mizani ya fuwele. Hiki ni kipande chembamba cha fuwele ya kwatzi kinachotetemeshwa kwa umeme. Uchafu ukitua juu yake, hata ukiwa tabaka nyembamba isiyoonekana kwa macho, fuwele huwa nzito kidogo na mtetemo wake hupungua. Kwa njia hiyo hupimwa vumbi linalotua.

Kuna pia njia ya leza, ambayo humulika ioni kwa mwanga wa rangi maalumu na kutazama namna zinavyong'aa. Kasi ya ioni hubadilisha kidogo rangi inayozing'arisha, kama vile mlio wa honi ya basi unavyobadilika basi likikukaribia au likikupita. Faida ya leza ni kwamba haigusi kitu. Waya wa Langmuir, ukiingizwa karibu sana na mtambo, huweza kuungua au kuivuruga plazma yenyewe. Mpimaji anapokaribia ili aone vizuri, huwa tayari amekibadilisha anachokitazama.

Tatizo la tangi

Tumefika kwenye kiini cha makala haya. Baada ya kueleza vipimio hivyo darasani, mtu angedhani kazi imekwisha: weka mtambo kwenye tangi, zungusha mkono, soma namba. Sivyo.

Tangi haliwezi kuwa tupu kabisa. Mtambo wenyewe unaendelea kumimina zenoni ndani yake, na pampu haziwezi kuinyonya yote. Kwa kawaida hubaki kanieneo ya takriban sehemu moja kwa milioni 75 ya kanieneo ya hewa tunayoivuta. Tunaweza kusema huko ni kutupu. Lakini tukihesabu, katika kila sentimeta moja ya mchemraba humo tangini kuna atomu zaidi ya bilioni 300. Katika anga za mbali kati ya sayari, sentimeta hiyo hiyo ina chembe za kuhesabika kwa vidole.

Atomu hizo za tangini husababisha jambo liitwalo ubadilishanaji wa chaji. Ioni yenye kasi hupita karibu na atomu iliyotulia, ikainyang'anya elektroni moja. Hazikugongana, zimebadilishana hali tu. Iliyokuwa ioni sasa ni atomu ya kawaida, na inaendelea na safari kwa kasi ile ile. Iliyokuwa atomu sasa ni ioni, lakini karibu imesimama. Katika kanieneo niliyoitaja, kwa kila ioni 100 zinazosafiri meta moja, takriban 15 hupatwa na jambo hili.

Tazama sasa kinachompata mpimaji. Atomu zenye kasi hazina chaji, kwa hiyo kipimio cha Faraday hakizioni, ijapokuwa zinasukuma chombo vile vile. Ioni mpya za polepole, kwa upande mwingine, huvutwa kwa urahisi na umeme wa plazma kwenda pembeni na hata kurudi nyuma, na kipimio kilichoko pembeni huzihesabu kana kwamba zilitoka mtamboni. Katikati kipimio kinaona pungufu. Pembeni kinaona ziada. Matokeo yake, mkia unaonekana mpana kuliko ulivyo.

Kosa la pembeni ni baya zaidi kwa sababu ya jiometria. Ili kupata jumla ya ioni zote, mpimaji huugawa mkia kuwa pete, pete ndani ya pete, na kuzidisha alichopima kwa eneo la kila pete. Pete iliyoko kwenye pembe ya nyuzi 60 ina eneo la takriban mara 10 ya pete ya nyuzi 5 yenye upana ule ule. Kwa hiyo kosa dogo pembeni huzidishwa mara kumi kuliko kosa kama hilo katikati. Mwanafunzi anayejua kwamba ukingo wa sinia una nafasi kubwa kuliko katikati yake ataelewa mara moja.

Wataalamu hufanyaje? Hawakubali namba moja. Hupima kwa kanieneo moja, kisha huingiza gesi kidogo na kupima tena, kisha tena, ili waone jinsi namba inavyobadilika. Kutokana na mwelekeo huo hukadiria namba ingekuwa ngapi kama kanieneo ingekuwa sifuri. Hupima pia kwa umbali mbalimbali. Hulinganisha kipimio cha Faraday na kichujio cha nishati, kwani ioni ya kweli kutoka mtamboni ina nishati kubwa, na ile iliyozaliwa ndani ya tangi ina nishati ndogo. Na wanapoandika ripoti, hawaandiki namba pekee. Huandika: tulipata hivi, kwa kanieneo hii, kwa umbali huu, kwa kipimio cha ukubwa huu.

Ushahidi kutoka angani

Njia nyingine ni kubeba vipimio hadi angani kwenyewe. Chombo cha Marekani cha Deep Space 1, kilichorushwa mwezi Oktoba 1998 kikiwa na mtambo wa ioni, kilikuwa na seti ya vipimio kwa ajili ya kazi hiyo. SMART-1 nacho kilibeba kichujio cha nishati, kipimio cha Langmuir, mizani ya fuwele na kipande cha seli ya sola kilichowekwa makusudi kionyeshe kama uchafu unatua. Vipimio hivyo viliwekwa juu ya mwili wa chombo, mahali ambapo ioni zitokazo moja kwa moja mtamboni hazifiki.

Hata hivyo, kipimio cha Langmuir na kichujio cha nishati vilikuta ioni. Zilikuwa zile za polepole zilizozaliwa kwa ubadilishanaji wa chaji. Angani hakuna tangi, lakini si zenoni yote hugeuzwa kuwa ioni. Sehemu ndogo hutoka mtamboni ikiwa gesi ya kawaida, na hiyo inatosha kuanzisha ubadilishanaji karibu na mdomo wa mtambo. Kwa hiyo ioni za polepole si uzushi wa tangi peke yake. Tangi huzizidisha tu. Ilionekana pia kwamba hali ya umeme ya chombo ilibadilika kulingana na jinsi paneli za sola zilivyogeuzwa. Tangi la kawaida la kujaribia mitambo lisingeonyesha jambo hilo kwa ukamilifu, kwa maana chombo kizima na paneli zake zilizokunjuliwa hakitoshi humo.

Funzo lake ni kwamba kipimo cha duniani si cha uongo na cha angani si cha ukweli pekee. Kila kimoja ni sahihi kwa mahali kilipochukuliwa. Anayehamisha namba kutoka tangini hadi angani bila kueleza masharti yake ndiye anayedanganya, hata kama namba yenyewe ilisomwa vizuri.

Turudi kwenye neno

Nilipokuwa nikiandaa upya kifungu changu nilijaribu maneno kadhaa. "Moshi" nililiacha kwa sababu zilizotajwa. "Moto" nao haufai, maana hakuna kinachoungua. Ule mng'aro wa buluu ni mwanga unaotolewa na atomu na ioni za zenoni zilizochangamshwa na elektroni. "Mvuke" humpeleka msomaji kwenye sufuria. "Mkia" ndilo lililonikaa vizuri, kwani uko nyuma ya mwenyewe na ni sehemu yake. Hata hivyo nalo lina upungufu: mkia wa mnyama huwa mwembamba kuelekea ncha, huu hupanuka. Kwa hiyo nikaamua kwamba kila nitakapolitumia kwa mara ya kwanza nitalipa fasili. Istilahi ni kama kile kipimo cha tangini: hufaa ikiwa imeambatana na masharti yake.

Kwa walimu watakaopenda kutumia maelezo haya darasani, napendekeza fasili fupi zifuatazo:

Plazma: gesi ambayo atomu zake zote au baadhi yake zimepoteza elektroni.
Ioni: atomu iliyopoteza au kupata elektroni, na hivyo ina chaji.
Mkia wa plazma: plazma inayotoka mtamboni na kupanuka kadiri inavyokwenda mbali.
Msukumo: kani inayokisogeza chombo.
Kipimo: matokeo ya kupima. Kipimio: kifaa cha kupimia.
Ombwe: mahali palipotolewa hewa, ijapokuwa si yote.
Ubadilishanaji wa chaji: ioni kuchukua elektroni ya atomu iliyo jirani, kila moja ikabaki na kasi yake.

Angalia jinsi kitenzi kimoja, "pima", kinavyotupa mpimaji, upimaji, kipimo na kipimio. Zoezi zuri ni kuwapa wanafunzi vitenzi "sukuma", "chuja" na "badilisha", watafute nomino zinazoweza kuzaliwa kutokana navyo, kisha wachague ipi inafaa kwa kifaa, ipi kwa tendo na ipi kwa matokeo. Zoezi la pili ni kuwapa sentensi yangu ya zamani ya "moshi wa buluu" na kuwauliza: msomaji ataamini nini ambacho si kweli?

Hitimisho

Mara nyingi tunasikia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya juu. Uzoefu wangu ni kwamba kilichonishinda siku ile hakikuwa Kiswahili. Nilishindwa kwa sababu nilikuwa sijakielewa kitu chenyewe, nikaokota neno lililo karibu. Nilipokielewa, maneno mengi niliyoyahitaji nilikuwa nayo tayari: wavu, kisahani, mlango, pete, ukingo wa sinia.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na sentensi mpya: "Nyuma ya chombo hutoka mkia wa plazma, yaani chembe za zenoni zenye chaji zinazorushwa kwa nguvu ya umeme, hakuna kinachoungua." Yule mwanafunzi akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, walijuaje kuwa ni mpana kiasi gani?" Maelezo haya yote ni jibu la swali hilo. Walimu wenzangu wenye istilahi bora kuliko hizi za kwangu wanakaribishwa kuzileta katika toleo lijalo, pamoja na fasili zake.